Kwanza Betri, Kisha Maikrofoni

Kila ninapokutana na vijana wanaokusanya mashairi ya wazee, swali la kwanza wanaloniuliza ni la maikrofoni: yangu ni ya aina gani, iligharimu kiasi gani, inanasa sauti kutoka umbali gani. Tangu nilipostaafu ualimu wa sekondari na kuanza kuzunguka na kinasa sauti hapa Magoma na katika vijiji vya juu yake, sijaulizwa hata mara moja kuhusu betri. Nimeona niandike habari zake bila kuulizwa, kwa sababu betri imenipotezea utenzi.

Mtunzi wa utenzi huo alikuwa bibi wa miaka themanini na ushei, katika kijiji kimoja cha mlimani tunachokifikia kwa pikipiki. Ujana wake aliumalizia katika mashamba ya mkonge ya Korogwe, mumewe akikata majani, yeye akipika vitumbua na kuwauzia manamba kambini. Utenzi wake ulihusu maisha hayo: kadi za kipande, wageni waliokuja kutoka mbali kwa mkataba na wasirudi kwao, wanawake waliozaa kambini. Alisoma chuoni, na herufi za Kiarabu alizijua vizuri, lakini utenzi huo hakupata kuuandika. Aliuhifadhi kichwani, na wajukuu wake walinihakikishia kwamba ulipita beti mia moja.

Nilikwenda mwezi wa Julai, katikati ya kipupwe. Nilikuwa nimeazima maikrofoni isiyo na waya, ya zile ndogo kama kiberiti zinazobanwa kwenye nguo, ambayo karatasi yake iliahidi saa saba kwa chaji moja. Niliichaji usiku kucha. Nilifika kwa bibi saa nne asubuhi, nikaijaribu, na kwa hofu ya kukosa neno la kwanza nikaiacha ikiwaka.

Msomaji aliyelelewa kwetu anajua yaliyofuata. Kulikuwa na shikamoo na marahaba, na kuulizana hali za watu wa Magoma mmoja mmoja. Kulikuwa na msiba wa jirani, tukaenda kutoa pole. Ikaja chai ya tangawizi na ndizi za kuchemsha, kisha sala ya adhuhuri, kisha chakula chenyewe, kwa maana hakuna mwenyeji wa milima hii atakayekusomea utenzi ukiwa na njaa. Bibi alikaa sawasawa kwenye mkeka na kusema, "Haya mwalimu, sikiliza," saa tisa alasiri. Sikuvaa hedifoni. Niliona si adabu kuziba masikio yangu mbele ya mtu mzima anayenisemea. Nikamtazama usoni, nikasikiliza, na kinasa sauti kikawa pembeni kinahesabu dakika.

Usiku nilipofungua faili nyumbani nilisikia beti 41, safi kabisa, hata kuku wa uani walisikika. Katikati ya kipande cha pili cha ubeti wa 42 sauti ilikatika. Ile maikrofoni ilikuwa imezima chini ya khanga yake, mahali ambapo taa yake nyekundu isingeonekana na yeyote. Kinasa sauti, ambacho betri zake zilikuwa nzima, kiliendelea kwa saa nzima kunasa ukimya kwa uaminifu mkubwa.

Niliketi na kalamu mpaka usiku wa manane, nikaandika beti kumi na saba nilizodhani nazikumbuka. Ninazo hadi leo, na sijazichapisha popote, kwa sababu sijui neno lipi humo ni lake na lipi ni langu. Mizani imetimia na vina vimekaa, na hilo ndilo linalonitia mashaka, kwa kuwa mwalimu wa ushairi aweza kuziba pengo la mizani akiwa usingizini. Niliporudi baada ya wiki tatu niliambiwa kwamba bibi amepelekwa kwa mwanawe Tanga kutibiwa. Alizikwa huko huko.

Nimeyafikiri mambo haya kwa muda, na sasa nina rai ambayo najua vijana hawataipenda: kwa kazi yetu ya vijijini, maikrofoni isiyo na waya yenye betri iliyofungiwa ndani ni chombo kibaya. Ni nyepesi, inapendeza, na mjini inafaa sana. Lakini imeundwa kwa ajili ya mtu anayefika, anawasha, anasema na kuondoka. Saa zake saba zimehesabiwa katika chumba cha majaribio, chombo kikiwa kipya. Kwetu saa za adabu nazo huhesabiwa. Kama mzee anahitaji saa tano za maamkizi kabla ya kufungua kinywa, chombo cha saa saba kina saa mbili tu. Na kama kimetumika miaka mitatu, huenda hata hizo hakina.

Hapa nitamrudisha msomaji kwenye lugha kidogo. Waingereza hutumia jina moja kwa mambo mawili, nasi tumelitafsiri hivyo hivyo na kusema "maisha ya betri". Moja ni muda ambao chaji moja inadumu. La pili ni miaka ambayo betri yenyewe inaishi kabla ya kuchakaa. Kiswahili hakikulazimika kuingia katika mkanganyiko huo, kwa kuwa tunaweza kusema "muda wa chaji" na "umri wa betri", kila mtu akaelewa. Betri ya lithiamu hupoteza uwezo kidogo kidogo kila inapojazwa na kutumika, na hupoteza haraka zaidi ikihifadhiwa imejaa mahali penye joto. Joto la Magoma mwezi wa Februari, ndani ya mkoba mweusi uliofungwa nyuma ya pikipiki, ni adui wake mkubwa. Niliyeazimwa niliuliza muda wa chaji. Sikuuliza umri wa betri.

Baadhi ya watu watasema kwamba ni anasa ya siku hizi kulalamikia betri. Hapana, kazi ya kunasa sauti Afrika Mashariki tangu mwanzo imetawaliwa na chanzo cha nguvu. Karl Weule alipozunguka kusini mwa nchi yetu mwaka 1906, katika sehemu za Lindi, Masasi na Newala, alichukua fonografu iliyonasa sauti kwenye silinda za nta. Mashine ya namna hiyo huendeshwa kwa springi inayotiwa ufunguo kama saa ya zamani, na haihitaji umeme hata kidogo. Kasoro yake ni kwamba silinda moja hujaa kwa dakika chache. Utenzi wa beti mia usingeingia humo. Hugh Tracey naye alipokuja Tanganyika mwaka 1950 alikuwa na mashine bora zaidi, lakini zilihitaji umeme mwingi, akawa anasafiri na jenereta ndani ya gari, akiliweka mbali na waimbaji na kuvuta waya mrefu ili ngurumo yake isiingie katika ngoma. Sauti zile zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoiasisi mwaka 1954. Nikizisikia huwa nawaza juu ya vijiji ambavyo gari lile lisingeweza kupanda.

Ukombozi uliletwa na betri kavu. Nagra III ya mwaka 1958, iliyosifiwa na watu wa redio na filamu, ilitumia betri kubwa za tochi kumi na mbili. Uher, iliyobebwa begani na waandishi wa redio wengi tangu miaka ya 1960, ilitosheka na tano. Nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi walikuja kijijini kwetu watu wa redio kunasa ngoma, na walipofungua mfuniko wa chombo chao sisi watoto tulicheka kwa furaha, maana ndani mlikuwa na betri kama zile zile za tochi ya baba. Wakati huo betri za National zilitengenezwa hapa hapa Dar es Salaam katika kiwanda cha Matsushita, na majirani zetu wa Kenya walikuwa na Eveready yao ya Nakuru, ambayo kiwanda chake kilifungwa mwaka 2014. Betri zikimalizika kwa mwenye chombo, duka la kijiji lilikuwa nazo. Hiyo ndiyo hoja yangu yote kuhusu ununuzi: nunueni kinasa sauti ambacho betri yake inauzwa mahali mzee anapoishi.

Nani kati ya watu wa rika langu hajaanika betri juani? Tulizipanga juu ya bati asubuhi ili redio ipate kusema wakati wa taarifa ya habari ya jioni. Wengine waliziita mawe ya redio, na waliuma kitako cha jiwe kwa meno, wakiamini kwamba nguvu zilizoganda zitasukumwa. Kuanika kulikuwa na maana kiasi, kwa kuwa joto huharakisha mmenyuko wa kemikali ndani ya betri kavu na kukupa dakika chache za mwisho. Kuuma kulituharibia meno bure. Naomba asitokee kijana wa kufanya mambo hayo kwa betri ya lithiamu, ambayo ikichomwa, ikitobolewa au ikipondwa huweza kushika moto.

Sasa, duka la kijiji lina betri, lakini si kila betri ni betri. Mwanafunzi wa ushairi anayejua kwamba silabi moja huvunja ubeti hatashindwa kuelewa jambo hili. Shika betri ndogo ya saa ya ukutani na usome maandishi madogo ubavuni. Ikiandikwa R6, ni ya zinki na kaboni. Ikiandikwa LR6, ni ya alkalini. HR6 ni ya nikeli inayochajiwa tena. Umbo ni moja, bei hazifanani, na kazi hazilingani. R6 hufaa saa ya ukuta, ambayo hunywa umeme tone kwa tone. Kinasa sauti hunywa kwa mafunda makubwa, na R6 huishiwa pumzi upesi hata ikiwa mpya, hasa ukiwasha volti 48 zinazolisha maikrofoni za kondensa. Mara nyingi mtu hununua R6 nne kwa bei rahisi, kinasa kikazima baada ya muda mfupi, akasema chombo ni kibovu.

Mimi natumia HR6. Zilizo nzuri hubeba kama miliampea 2000 kwa saa moja, maana yake kinasa kinachokula miliampea 200 kingeendeshwa nazo kwa saa kumi hivi, na hujazwa tena mara mamia. Lazima tu uingie kwenye menyu ya kinasa na kukiambia ni betri za aina gani. HR6 ina volti 1.2 na alkalini huanza na volti 1.5, kinasa kilichoambiwa uongo nacho kitakuambia uongo, kitaonyesha betri imekwisha ilhali ipo, au kitaonyesha ipo mpaka dakika kinapozima. Mkobani huwa na pakiti ya LR6 ambayo haijafunguliwa, kwa siku ambayo umeme umekatika tangu jana na jua halikutoka.

Baridi nayo huwatisha watu bila kiasi. Ni kweli kwamba betri hulegea katika baridi, lakini ubaridi wa Lushoto wa Julai si wa theluji. Zitieni mfuko wa ndani wa koti usiku, asubuhi zitafanya kazi. Ukungu na unyevu wa milimani huharibu zaidi, kwa sababu hutia kutu kwenye vile vishikizo vya chuma, na betri nzima huonekana imekufa. Kitambaa kikavu kinatosha.

Kuhusu waya, nimekuwa mtetezi wake. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, yenye waya unaoingia moja kwa moja kwenye kinasa sauti, hupata kijiumeme chake kutoka kwenye kinasa hicho. Hairushi mawimbi, haina kipokezi, haina taa nyekundu ya kujificha chini ya khanga. Kuna betri za mahali pamoja tu za kuangaliwa, nazo ziko mbele ya macho yako. Nimepingwa kwamba waya humfunga mzee. Wazee ninaowaendea hukaa mkekani au kwenye kigoda kwa saa nzima bila kuondoka. Ni sisi wanafunzi wao tunaohangaika huku na huku. Nimeambiwa pia kwamba maikrofoni mpya zisizo na waya zinaweza kuunganishwa na pawabenki. Nakubali, lakini hapo tayari umerudisha waya, tena mahali pabaya zaidi, ukining'inia kutoka kifuani mwa bibi yako.

Simu siidharau. Mtu asiye na kinasa sauti na anayo simu nzuri asimwache mzee wake akaondoka kwa kungojea mfadhili. Aizime mawasiliano yote kwa kuiweka katika hali ya ndege, apunguze mwanga wa kioo, kisha aanze kunasa. Katika mabonde yetu, ambako mtandao huja na kupotea, simu humaliza chaji yake kwa kuutafuta mnara kuliko kwa kazi uliyoipa. Na simu ikipigwa katikati ya ubeti, ubeti huo umekwenda.

Kuna jambo la kitaalamu ambalo lingemwokoa mtu mmoja kati ya wasomaji. Betri zikizima kabla hujabonyeza kitufe cha kusimamisha, vinasa vingi vya aina ya kale huacha faili likiwa halijafungwa. Kompyuta itakuambia kwamba faili ni tupu. Sauti mara nyingi imo. Kilichokosekana ni yale maelezo ya mwanzo wa faili yanayotaja urefu wake. Usiifute, usinase kitu kingine juu ya kadi hiyo, mpelekee fundi anayejua programu za kurejesha mafaili. Bahati yangu mbaya ni kwamba faili langu mimi lilifungwa vizuri kabisa.

Kwa wenzangu walioko katika vyuo na taasisi za lugha nina neno moja zaidi. Nimeona bajeti za kukusanya fasihi simulizi. Kompyuta imo, kamera imo, posho za siku zimo kwa ukamilifu, na betri zimefichwa chini ya "mengineyo" pamoja na bahasha. Nendeni mkajifunze kwa washereheshaji wa harusi. Mshereheshaji makini hubadilisha betri za maikrofoni yake kabla ya kila shughuli, hata kama za jana zimebaki nusu, kwa sababu anajua bwana harusi hatarudia kuoa. Zile nusu huzipeleka kwenye saa za ukutani nyumbani kwake. Historia ya Wasambaa aliyoiandika Steven Feierman mwaka 1974 ilijengwa juu ya masimulizi ya wazee, na wazee wale hatunao tena. Waliobaki sasa ni wajukuu wao, na wajukuu hao nao wamevuka sabini.

Nisisahau: HR6 zilizokufa kabisa na zile za lithiamu msizitupe shambani. Na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, inayotiwa katika betri nyingi za lithiamu, huchimbwa Kongo, katika nchi ya Kolwezi na Lubumbashi, na watu ambao wengi wao husemezana kwa Kiswahili. Sijasikia bado tenzi za wachimbaji hao. Bila shaka zipo, kama zilivyokuwapo za mkonge.

Jumamosi nakwenda Mashewa kwa mzee mmoja anayejua nyimbo za wakulima wa zamani. Ameniambia niwahi, kwa kuwa alasiri ana mbuzi wa kuchunga. Nimejua maana yake: chai itakuwapo, na chakula pia, na mbuzi watasubiri. Nimechaji betri nane, na pakiti ya LR6 iko mkobani. Safari hii nitavaa hedifoni, na nitamwomba radhi kabla hajaanza.